Friji Isiyotoa Soda Baridi

Kama hujawahi kutoka machimboni saa nane mchana, jua la Geita likiwa utosini, ukaingia dukani, ukaona friji nyeupe imesimama kwenye kona, ukaagiza soda, halafu ukapewa soda ya moto kutoka kwenye kreti chini ya kaunta, basi wewe hujaonewa bado. Mimi nimeona wanaume wazima, watu wa kupasua miamba, wanakaribia kulia mbele ya yule mzee.

"Mzee, si una friji?"

"Ninayo."

"Sasa soda mbona ya moto?"

"Friji si ya soda."

"Ni ya nini?"

"Ya dawa. Kunywa uende."

Tulimwita Mwenye Friji. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelihitaji, maana friji ilikuwa moja tu katika senta nzima, na mwenyewe alikuwa mmoja. Alikuwa mzee wa Kihindi, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na shingoni alivaa kamba yenye ufunguo wa kufuli la friji. Ufunguo huo hakuuvua hata kuoga. Mke wake ndiye aliyetuambia, tena kwa hasira.

Nilikuwa napikia wachimbaji ugali na samaki, na jiko langu lilikuwa ukuta kwa ukuta na duka lake. Kwa hiyo niliyasikia yake yote, nikitaka nisitake. Asubuhi alichoma udi mbele ya picha za miungu yake, akasali, halafu akaja nao mpaka kwenye friji, akafungua kufuli, akachungulia kipimajoto, akakiamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka!" Kisukuma chake kilikuwa kizito kuliko changu mimi niliyezaliwa nacho. Kipimajoto kikisoma kati ya mbili na nane, alifurahi siku nzima. Kikivuka nane, hatukuuziwa hata kiberiti mpaka asafishe utambi wa friji, maana ilikuwa ya mafuta ya taa. Kikishuka chini ya mbili, ndiyo balaa kabisa.

"Ikiganda imekufa," alikuwa akisema. "Watu wanadhani baridi kali ndiyo nzuri. Hapana. Dawa hii haitaki joto, haitaki barafu. Ina maringo."

Mke wake alikuwa akijibu kutoka uani: "Mimi pia sitaki joto wala barafu, mbona huniangalii asubuhi?"

Friji ilivyoingia kazini ni hivi. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara, na friji ya zahanati ilikufa. Nesi akaja na chanjo za watoto mikononi, za surua, za polio, za pepopunda, akaomba hifadhi ya wiki moja tu. Mzee akatoa chupa mbili za soda kumpisha. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka, na soda hazikurudi tena mle ndani. Aliweka hata karatasi mlangoni imeandikwa: USIFUNGUE. USIEGEMEE. USIULIZE. Watu waliiegemea kwa migongo yao yenye jasho wakijifanya wanafikiria wanunue nini, na yeye aliwafukuza kwa fagio.

Lakini chanjo aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya Nesi. Ilikuwa yake mwenyewe, kwenye kiboksi cha pekee, rafu ya katikati. Chanjo ya homa ya ini, ile aina ya B. Serikali ilikuwa bado haijaanza kuwapa watoto, hivyo aliiagiza kwa jamaa zake Nairobi, ikapita Mwanza ndani ya kibweta cha barafu, ikafika kwetu juu ya lori la pamba. Mke wake alinieleza sababu siku moja tukichambua mchele. Walikuwa na mtoto wa kiume. Alikua vizuri tu, akawa kijana, kisha macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji, akafa. Watu wote, Wahindi kwa Waswahili, walisema amerogwa. Mzee akaenda kwa madaktari mpaka akaambiwa ni ini, na kwamba ipo sindano ya kuzuia. Kwa mtoto wake ilikuwa imechelewa. Alinieleza hayo halafu akaniambia nisimwulize mzee, na sikumwuliza.

Sasa ukija kununua mafuta ya taa, lazima usome kwanza darasa. Alishika koroboi mkononi, hamimini, mpaka amalize.

"Mtoto akizaliwa, achomwe siku hiyohiyo. Ya pili akitimiza mwezi. Ya tatu akifika miezi sita. Sema."

"Siku hiyohiyo, mwezi, miezi sita. Mzee, nyumbani giza."

"Mtu mzima?"

"Leo, baada ya mwezi, na miezi sita tangu ya kwanza."

"Inaambukiza vipi?"

"Kwa damu. Kwa kulala na mtu. Mama kumpa mtoto akizaliwa. Kwa wembe. Mzee, mafuta!"

Wembe ndio uliomgombanisha na mfumu wetu, mganga aliyewachanja wachimbaji chale za bahati kabla hawajashuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Mfumu alikuja kununua wembe mmoja wa kuchanjia duara zima. Mzee alikataa katakata. Alisema atamwuzia pakiti au asimwuzie kabisa, wembe mmoja mtu mmoja. Mfumu akasema bahati ya duara ni moja, ukigawa wembe umegawa bahati. Walibishana kwa Kisukuma mpaka samaki wangu wakaungua. Mwisho walipatana kwamba mfumu atauzungusha ule wembe wa kwanza hewani juu ya vichwa vya wote ili bahati iwe moja, halafu kila mtu achanjwe kwa wake. Mfumu alitoka na pakiti tatu na aliona ameshinda.

Kwenye kuhubiri sindano hakuwa na mpinzani. Kwenye kuchomwa, loo! Siku Nesi alipomwambia na yeye apimwe na achanjwe, aliikunja mikono ya shati, akaikunjua, akaikunja tena, akakumbuka kuna mzigo wa sabuni. Nesi akamfuata stoo. Aliiona sindano, akaangukia gunia la sukari, macho juu. Tulimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Alipozinduka aliuliza kama mlango wa friji umefungwa. Sindano ya pili alichomwa amefumba macho anasali. Ya tatu alisafiri kwenda Shinyanga kwa ghafla, na Nesi akamsubiri stendi.

Wachimbaji, kwa upande wao, hawakuelewa chochote. Tazama walivyofikiri. Kitu kimefungwa kufuli. Ufunguo uko shingoni mwa mzee, haupewi mtu. Kinafunguliwa asubuhi na jioni tu, kwa udi. Ukichomwa unaambiwa rudi baada ya mwezi, kisha urudi tena, na ukikosa umeharibu. Hayo ni nini kama si masharti? Na dawa yenye masharti kwetu ndiyo dawa. Kijana mmoja akachomwa Jumatatu, Alhamisi akakuta mkanda wa dhahabu mwambani. Basi! Kesho yake foleni ilifika mpaka kwenye jiko langu.

"Jamani, hii ni ya ini!" mzee alipiga kelele.

"Ndiyo, mzee. Ini," walijibu, na walikonyezana.

Akaona hawa wanahitaji kufundishwa kwa vitendo. Akaniomba nimnunulie ini la mbuzi. Yeye nyama hali, wala kuigusa, wala kuinusa. Akajifunga leso puani, akasimama juu ya kreti mbele ya wachimbaji wote, akanipa mimi ini nilishike juu, na yeye akaelekeza kwa kijiti kutoka mbali.

"Hili ni ini. Mwanangu, geuza. Ugonjwa unaingia hapa. Unakaa kimya miaka. Huumwi. Unacheka, unaoa, unazaa. Mwanangu, usinisogezee! Halafu siku moja ini linakuwa jiwe. Chanjo inazuia usiingie. Haileti dhahabu. Swali?"

Mkono mmoja ukanyooka nyuma.

"Hilo ini atakula nani?"

Alitupa kijiti akaingia ndani. Lakini kwa mwezi uliofuata walirudi wote, hakukosa hata mmoja, na wale waliohamia machimbo mengine walitembea siku nzima kurudi kwa ya tatu. Walijiongezea na masharti yao wenyewe: usile kambale, usimwamkie mama mkwe, usishuke duarani na soksi. Nesi alitaka kuwakatalia. Mzee akamwambia awaache, soksi hazidhuru ini.

Niliyacheka hayo yote kwa sauti, mimi mwenye mdomo. Halafu zamu yangu ikaja.

Mti wa kuzuia ukuta wa duara ulimwangukia mume wangu mguuni. Tukampeleka Mwanza. Walihitaji damu, nikatoa mkono wangu, wakapima. Daktari akaniita pembeni akaniambia damu yangu haiwezi kutumika, ina homa ya ini aina ya B. Nikamwambia siumwi. Akasema anajua. Kisha akatazama tumbo langu, maana nilikuwa na mimba ya miezi mitano, akasema mtoto anaweza kuipata wakati wa kuzaliwa, na wanaoipata wakiwa wachanga mara nyingi hukaa nayo maisha. Nilirudi na lile neno kifuani. Nilimwambia mume wangu, kisha nikaenda dukani.

Mwenye Friji hakuwa na desturi ya kutoka nyuma ya kaunta. Siku hiyo alitoka. Akakaa na mimi juu ya magunia.

"Mtoto atachomwa siku atakayozaliwa. Si kesho yake. Mumeo apimwe, kama hana achomwe zote tatu."

"Na mimi, Baba?"

"Wewe imeshaingia, mwanangu. Hii ni ya kufunga mlango. Haimtoi aliye ndani. Wewe utakuwa unapimwa, na pombe usiguse. Lakini mtoto, huyo tunamwahi."

Nililia pale pale juu ya gunia la unga. Yeye akainuka, akafungua friji ingawa haikuwa saa yake, akatoa kichupa kimoja, akakifunga uzi mwekundu shingoni. Kuanzia siku hiyo hata mchimbaji angekuja na mbuzi mzima, kile hakikuguswa. Niliogopa kwa miezi minne mfululizo. Niliota friji inaungua. Niliota imeibwa. Nilikuwa nikiamka naenda kutega sikio ukutani kama utambi unawaka, ujinga mtupu, utambi hausikiki.

Kabula alizaliwa alfajiri, mvua imenyesha usiku kucha, zahanati ng'ambo ya barabara, salama salimini. Nesi akamfuta, akamfunga, akavuka barabara kwenda kuchukua dawa. Akarudi mikono mitupu. Mwenye Friji alikuwa ameenda Geita mjini kuchukua bidhaa, alitakiwa kurudi jana yake, na lori lilikuwa limekwama kwenye matope upande wa pili wa daraja. Na ufunguo uko shingoni mwake.

"Vunjeni kufuli," akasema Nesi.

"Vunjeni," akasema mke wa mzee.

Wachimbaji walikuwa wamejaa barazani, wana nyundo za kuvunjia mawe. Hakuna aliyejongea.

"Mama, hatuwezi," akasema mkubwa wao. "Mzee mwenyewe alisema, friji ikifunguliwa ovyo dawa inakufa. Sharti la kwanza hilo. Tukivunja tutaua ya mtoto na zetu zote."

"Ovyo ni kuacha wazi! Si kuvunja kufuli!" Nesi alifoka.

Mume wangu, mguu bado una plasta, akaruka kwa mguu mmoja na nyundo mkononi. Marafiki zake mwenyewe wakamkamata. Eti wanamwokoa. Mimi nimeegemea nguzo na mtoto wa saa chache, nikawatukana matusi ambayo mama aliyejifungua leo hapaswi kuyajua. Wakaitikia kwa heshima, "Pole, mama," na nyundo hawakuinua.

Kijana wa baiskeli akatumwa darajani kumfuata mzee. Jua likapanda, hakurudi. Ndipo yule mkubwa wao akatoa hukumu: kama mwenye ufunguo haji kwenye friji, friji itamfuata mwenye ufunguo. Nesi alipinga, lakini alikuwa mmoja dhidi ya duara zima. Alichoweza ni kuhakikisha wamezima utambi, maana friji ikifungwa hushika ubaridi wake kwa muda, na kuifuata nyuma na sindano yake akipiga kelele wasiilaze. Wakapitisha magogo chini, wakainyanyua mabegani, ikaondoka imesimama wima barabarani, watu wanatangulia kuondoa mawe, mfumu mbele anafagia njia kwa mkia wa nyumbu. Mume wangu akawafuata akichechemea.

Sijui ilipita saa ngapi. Nikasikia kengele ya baiskeli nyuma ya nyumba. Ni Mwenye Friji, amekaa kwenye keria, matope mpaka kwenye nyusi. Walikuwa wamekata njia ya mkato kwenye mashamba ya pamba.

Akaingia mbio, mkono tayari kwenye ufunguo. Akasimama. Kwenye kona palikuwa na mraba msafi sakafuni.

"Friji iko wapi?"

"Imekwenda kukutafuta," akasema mke wake.

Hapo tulikuwa na ufunguo na mtoto, bila friji wala Nesi. Barabarani walikuwa na friji na Nesi, bila ufunguo wala mtoto. Nilianza kucheka nikashindwa kuacha, machozi yananitoka, mpaka mke wa mzee akanishika mabega akidhani nimepagawa. Sikuwa nimepagawa. Nilikuwa naona siku ya mwanangu inaisha.

Kulikuwa na mkokoteni wa ng'ombe umeleta kuni. Mzee akazitupa kuni zote chini, akanipandisha na mtoto, akapanda, akawaswaga ng'ombe kwa Kisukuma ambacho hata mwenye ng'ombe alikionea aibu. Kila tairi lilipoingia shimoni nilihisi mwili wangu unafunguka upya. "Vumilia, mwanangu," alikuwa anasema, "vumilia, tunamwahi."

Tuliwakuta karibu na mto, wamekwama, wanabishana kama waendelee au warudi. Mzee hakumsalimia mtu. Aliruka, akazunguka friji yake yote, akavua kamba shingoni mbele za watu, akafungua. Akatazama kipimajoto kwanza.

"Saba," akasema, akaiegemea friji yake.

Akakitoa kile chenye uzi mwekundu, akakiinua juani, akakitikisa, akakitazama tena. Akampa Nesi. Kabula akachomwa pajani, katikati ya barabara, jua lingali juu, akalia kwa sauti iliyowasimamisha ng'ombe masikio. Wachimbaji walipiga vigelegele. Mzee alikuwa amegeuka upande mwingine, kwa vile sindano hakuweza kuitazama hata ya mtu mwingine.

Ya pili na ya tatu alikuja kunigongea mlango mwenyewe, asubuhi, kabla sijawasha moto.

Dhahabu ilipokwisha, watu wakahamia kwingine, na senta ikabaki mbwa na mabati. Mwenye Friji na mkewe wakaenda kuishi kwa mpwa wao Shinyanga mjini, Ngokolo. Sisi tukarudi Kishapu kulima. Kabula alipokaribia kuanza shule nilijikaza, nikampeleka Mwanza apimwe. Yangu bado iko, nimezoea kupimwa. Yake nilikuwa siijui.

Wakati wa kurudi tulishuka basi Shinyanga. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la mpwa wake, amekwisha, macho yana ukungu. Nilimwamkia kwa Kisukuma, akaniitikia bila kunijua. Mke wake ndiye aliyepiga kelele kunitambua.

"Baba," nikamwambia, "huyu ndiye Kabula. Wamempima. Hana."

"Hana nini?"

"Ile ya ini. Hana. Damu yake safi, haijaingia."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akamwita mtoto karibu. Akamshusha kope kwa kidole, jicho moja, kisha la pili, amemgeuzia kwenye mwanga, uso wake karibu kabisa na wa mtoto kwa sababu haoni vizuri. Alitafuta njano muda mrefu. Kabula alitulia, macho wazi, na mimi nilisubiri utadhani majibu yalikuwa hayajatoka.

Kisha mzee akaanza kusimama. Mkewe akamwambia akae, hakusikia. Alijikokota mpaka akanyooka, akavifunga vifungo vya shati mpaka kooni, akaunganisha viganja kifuani, akamwinamishia kichwa mwanangu wa miaka sita.

"Shikamoo," akamwambia.

Jamani. Nilitaka kumzuia, nikasema, "Baba, hapana, huyu ni mtoto," lakini hakunitazama. Alibaki ameinama, anasubiri. Kabula akanitazama mimi. Akavuta gauni lake likakaa vizuri, akasimama wima kama anavyowaona watu wazima.

"Marahaba," akasema. "Hujambo?"

"Sijambo, mama," mzee akamjibu. "Sasa sijambo."